Modeli Inayoufutia Udongo Madeni

Ukikuta ripoti ya uigaji wa kompyuta inayodai kwamba kilimo fulani ni endelevu kwa shamba dogo, acha kwanza grafu ya mavuno. Tafuta sentensi inayoeleza udongo ulikuwaje siku modeli ilipoanza, na kama ulirudishwa palepale kila msimu. Isipokuwepo, neno "endelevu" kwenye kichwa cha ripoti halina pa kusimamia.

DSSAT, programu ya kuiga ukuaji wa mazao, ina namna mbili za kupitisha zao kwenye miaka mingi. Uchambuzi wa msimu huchukua hali ya hewa ya miaka 30, lakini kila mwaka huanza na udongo uleule: maji yaleyale, naitrojeni ileile, mboji ileile. Uchambuzi wa mfululizo hufanya tofauti: kilichobaki baada ya mavuno ya mwaka huu ndicho mwaka ujao unachoanza nacho. Kwenye APSIM, programu nyingine ya aina hiyo, udongo huendelea wenyewe, ila wapo wanaoongeza amri ya kurudisha maji, naitrojeni na mabaki siku ya kupanda. Namna hiyo ya kuurudisha udongo mwanzo ina kazi yake. Anayetaka kujua apande wiki ipi, au mbegu ya muda gani inavumilia ukame, anahitaji mvua peke yake ndiyo ibadilike. Lakini ukiitumia kuuliza kama shamba litadumu, unaufutia udongo deni kila mwaka, kisha unashangaa mbona haufilisiki.

Na udongo ndio sababu kubwa ya kuhitaji kompyuta. Jaribio la misimu mitatu halioni mabadiliko ya kaboni, kwa kuwa tofauti kati ya sampuli moja na nyingine ndani ya shamba lilelile huyameza. Modeli ya RothC, inayohesabu kaboni ya udongo, ilijengwa juu ya majaribio ya Rothamsted, Uingereza, yaliyoanza mwaka 1843, na inaipa mboji iliyotulia kasi ya kuoza ya 0.02 tu kwa mwaka, yaani asilimia 2 hivi. Kasi hiyo ni ya joto la wastani wa nyuzi 9 hivi. Kwa nyuzi 25, udongo ukiwa na unyevu, mlinganyo uleule unaizidisha karibu mara nne. Ndiyo maana tarakimu za kaboni zilizopatikana nchi za baridi hazihamishwi hivihivi kwenda nchi za joto.

Sasa angalia ukubwa wa kosa la kuanzia. Chukua hekta moja, tabaka la sentimita 20, uzito wa gramu 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo, kaboni asilimia 1. Hiyo ni tani 2,600 za udongo zenye tani 26 za kaboni. Uwiano wa kaboni na naitrojeni ukiwa 12, kuna naitrojeni kama tani 2.2. Ikiachiliwa asilimia 2 kwa mwaka, zao linafunguliwa kilo 43. Ikiwa asilimia 3, kilo 65. Tani moja ya punje za mahindi hubeba kilo 15 hivi za naitrojeni. Kwa hiyo, hata kama si naitrojeni yote inayofika kwenye punje, aliyekisia tu sehemu ya mboji iliyotulia anaweza kuumba au kufuta karibu tani nzima ya mahindi kabla hajapanda mbegu. Maabara haimsaidii hapo, maana hupima kaboni yote kwa jumla bila kusema ipi inaoza upesi na ipi imejikalia.

Dawa yake inachosha lakini ipo. Anzisha modeli miaka mingi nyuma, uoto wa asili ukiwa bado umesimama, uiache hadi kaboni itulie. Kisha ingiza miaka ya kulima kama shamba lilivyolimwa kweli: mabua yaliondolewa au yaliachwa, mbolea iliwekwa au haikuwekwa. Modeli ikifika leo na kaboni asilimia 1.6 wakati maabara inasema 1, usiisukume kwa nguvu hadi zilingane. Mara nyingi historia ndiyo yenye pengo: mabua yaliliwa na mifugo, au udongo wa juu ulichukuliwa na maji na hakuna aliyeuhesabu. Ukaguzi mzuri kuliko wote ni kishamba kisichowekwa mbolea kabisa, kilichopaliliwa vizuri, kwa misimu miwili. Mavuno yake ndiyo yanayosema udongo unatoa nini wenyewe. Kazi hii irudiwe kwa kila aina ya kishamba, kwani kilicho jirani na zizi hupata samadi na majivu ya jikoni, cha mbali hakipati, na wastani wa hivyo viwili ni udongo ambao haupo popote.

Kosa la pili limejificha kwenye tabia za mbegu. CERES-Mahindi, modeli ya mahindi iliyo ndani ya DSSAT, ina vigezo vichache: P1, P2 na P5 vya kuhesabu siku za kukua, na G2 na G3 vya idadi ya punje na kasi ya kuzijaza. Utaratibu ni kulinganisha kwanza siku ya kutoa ndevu na siku ya kukomaa, kisha majani, kisha punje, kwa kutumia vishamba vilivyopata maji, mbolea na palizi ya kutosha. Mtu asiye na vishamba hivyo huchukua mavuno ya wakulima, tani moja na nusu, akashusha G2 mpaka modeli ikubali. Amelaumu mbegu kwa dhambi ya magugu na njaa ya naitrojeni. Matokeo yake yanachekesha kidogo: baadaye modeli inatangaza kwamba mbolea haina faida, na kwa mmea ambao umekatazwa kuzaa punje zaidi, haina kweli.

Hali ya hewa naigusa kwa haraka. Mvua ya satelaiti huwa imesambazwa: manyunyu siku nyingi, dhoruba chache, hivyo modeli huona maji machache yakikimbia juu ya ardhi. Hesabu siku zenye milimita 1 au zaidi, ulinganishe na kipimo cha mvua kilicho karibu. Joto la gridi, yaani la miraba mikubwa ya ramani, nalo hufuata mwinuko wa mraba mzima, si wa shamba lako. Zao linalohitaji nyuzi-siku 1,500 (jumla ya nyuzi zinazozidi kizingiti kila siku) juu ya kizingiti cha nyuzi 8 hukomaa kwa siku 125 kwenye wastani wa nyuzi 20, na kwa siku 107 kwenye nyuzi 22. Siku 18 hizo zinaweza kulitoa kabisa kwenye ukame wa mwisho wa msimu, kwenye kompyuta tu.

Ninalolipigania zaidi ni samadi, kwa sababu humo deni huhamishiwa shamba jingine badala ya kufutwa. Ni rahisi kuandika kwenye faili "tani 5 kavu kwa hekta kila mwaka" na kuona kaboni ikipanda kwa furaha. Zinatoka wapi? Ng'ombe wa kilo 250 hula kilo 6 hivi za lishe kavu kwa siku, humeng'enya kama nusu, na kwa mwaka huacha tani moja na kidogo ya kinyesi kikavu. Tani 5 ni ng'ombe watano wasiotoka zizini, au kama kumi ikiwa mchana wanachunga. Hao watano tu wanataka tani 11 za lishe kavu kwa mwaka, na hekta moja ya mahindi ya hali ya kawaida hutoa mabua tani mbili au tatu. Zilizobaki zinatoka malishoni au kishamba cha mbali, na mahali hapo panapungua kaboni nje ya mpaka wa modeli. Uigaji wa shamba dogo usiounganisha vishamba, zizi na malisho unapima uhamisho na kuuita ongezeko. Hata bila programu maalumu, jedwali moja la naitrojeni inayoingia na kutoka kila kishamba, likiendeshwa sambamba na modeli ya zao, linatosha kulifichua hilo.

Kwenye matokeo, wastani wa miaka 30 usome mwisho. Panga miaka kwa mavuno, utoe sita mibaya zaidi, uangalie ni mbinu ipi inaibeba familia kwenye hiyo sita, na kama mibaya inazidi kusogea upande wa mwisho wa mfululizo. Chunguza pia kanuni ya kupanda. Ukiiambia programu isubiri milimita 20 ndani ya siku tatu na dirisha likafungwa bila mvua hiyo, haipandi, na msimu huo huachwa wazi kwenye jedwali. Programu ya takwimu inaweza kuuruka kimyakimya, na mbinu hatari kuliko zote ikatokea na wastani mzuri kuliko zote. Msimu ambao modeli haikupanda uandikwe sifuri, ndipo wastani upigwe upya.