Rusha, Afande, Jua Linazama

Sitaki ugomvi na mtu. Nataka tu nielezwe: kitu kinachokaa hewani sekunde chache, kwa nini kinaandaliwa robo saa?

Nazungumzia gofu ya visahani. Kama hujaiona, ni gofu, ila fimbo na kimpira hakuna. Una kisahani cha plastiki. Shimo nalo hakuna; kuna kikapu cha chuma kwenye mlingoti, na juu yake minyororo inaning'inia. Unarusha, unafuata, unarusha tena ulipokikuta, mpaka kigonge minyororo na kuangukia kikapuni. Aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Basi. Mtoto wa darasa la pili anaucheza huku anakula muwa.

Mimi niliingia kwa mlango wa kazi. Ni fundi wa kuchomelea, na vikapu vilivyoko kwenye kiwanja cha shule, huku kwetu Walukuba, mjini Jinja, Uganda, ni mkono wangu: nondo, bomba la maji, na minyororo ya kufungia mbwa. (Nusu ya pesa nililipwa. Nusu ya pili mwenye shughuli huizungumzia kwa upole sana kila tukikutana.) Kwa hiyo nikisema mnyororo ule naujua, naujua. Nimeukata mwenyewe kwa msumeno. Hauna masikio, hauna macho, hauna habari ulijiandaa vipi kabla ya kurusha.

Sasa waambie wenzangu.

Afande alishastaafu jeshini, ila jeshi halijastaafu kwake. Akifika mahali pa kurushia anasimama mguu sawa. Anatoa kitambaa. Anafuta kisahani juu, anafuta chini, anafuta ukingo. Kufuta nakubali, nisionekane mbishi. Asubuhi kuna umande, mchana kuna jasho, na plastiki yenye maji inaponyoka vidoleni. Lakini kitu kikishakauka, Afande, kimekauka! Hapana. Anakigeuza, anakipuliza, anafuta tena. Anakizungusha juu ya kidole cha shahada. Anarudi nyuma hatua nne, anazihesabu kwa sauti, anakuja mbele hatua nne, mkono unakwenda nyuma, sote tunashika pumzi… hakurusha. Amesimama ukingoni anakikazia macho kikapu mpaka mimi niliyekichomelea naona aibu. Kisha anarudi nyuma kuzihesabu upya.

Umewahi kukaa kiti cha nyuma kwenye teksi pale paki, dereva akaunguruma injini, akasogea mbele nusu mita, kondakta akapiga bati, mkasema haya sasa tumeondoka, kumbe anarudi nyuma ile ile nusu mita kungoja abiria wa mwisho? Ndiye Afande huyo. Na kushuka huwezi, nauli umeshalipa.

Akimaliza yeye, anaingia Hajji. Hajji ni mtu wa Bombo, mstaarabu, hana neno baya na mtu, ugomvi wake ni na upepo. Anang'oa nyasi, anaziachia, anazitazama zinavyoanguka. Sawa, kisahani ni chepesi, hata kile kizito hakifiki gramu 200, na upepo wa uso unakiinua. Lakini sisi tuko kando ya ziwa! Upepo wa Jinja haukai kikao kirefu. Mpaka Hajji amalize kutazama nyasi, upepo uliozipeperusha uko Iganga. Anang'oa nyingine. Pale anaposimama pamebaki upara. Mwenye ng'ombe ameshaanza kulalamika.

Kisha anasema bismillahi. Hiyo sina shida nayo, ni sekunde moja na ina baraka. Shida ni kwamba akishasema, anabadilisha kisahani. Alikuwa na cha kurushia mbali, sasa anataka cha masafa ya kati. Na kwa kuwa bismillahi ya kwanza ilisomewa kile cha mbali, lazima aanze upya. Na nyasi upya.

"Mzee Hajji," namwambia, "chagua kwanza, ndipo uombe."

"Fundi," ananijibu taratibu, "nitachaguaje kabla ya kuomba?"

Mtu kama huyo utamjibu nini.

Mwalimu ndiye mbaya zaidi, kwa sababu ana simu na ana bando. Mwalimu ameangalia video ya mashindano ya dunia ya mwaka 2021, kule Ogden, Utah, Marekani, ambako James Conrad alikuwa nyuma kwa mrusho mmoja kwenye kikapu cha mwisho, mpinzani wake Paul McBeth ameshajiona bingwa, naye Conrad akarusha kutoka mbali, kama mita 75, kisahani kikaenda mpaka kwenye minyororo. Wakalingana, wakaongezewa mchezo wa kuamua, Conrad akachukua ubingwa. Ni jambo la kweli na ni zuri, hata mimi nililirudia kuliangalia. Ila Conrad ana nywele ndefu na ndevu, na tangu siku hiyo Mwalimu hajanyoa. Mkuu wake wa shule ameshamwandikia barua.

Juu ya ndevu kaongeza pumzi. Anavuta pumzi akihesabu, anaishika, anaitoa. Anafumba macho. Eti anakiona kisahani kinavyopaa kabla hakijapaa; anasema wanamichezo wakubwa wote hufanya hivyo ili akili itulie. Inawezekana. Juzi alifumba macho akakiona kikipaa vizuri kabisa, akafumbua, akarusha, na katikati ya njia alikuwa amesimama ng'ombe ambaye wakati wa ndoto hakuwepo. Yule yule wa mwenye malalamiko.

Mimi nikifunga kamba za viatu mara mbili, ni usalama kazini. Tusichanganye mambo.

Basi nikasema sheria ipo, tuitumie. Chama cha mchezo huu huko Marekani, PDGA, kimeweka wazi: mchezaji ana sekunde 30 za kurusha. Akizidisha mara ya kwanza anaonywa. Akirudia anaongezewa mrusho mmoja kwenye hesabu yake. Nikaja na simu nimefungua saa ya kuhesabu. Afande akatoa kitambaa, nikabonyeza. Sekunde 30 zikapita yuko kwenye ukingo wa kisahani, kuzungusha bado, hatua bado.

"Afande, muda!"

Uwanja ukanyamaza. Afande akageuka polepole. Nikakumbuka nina watoto.

"Fundi, umeisoma sheria yote?"

Kumbe Mwalimu alikuwa ameshamsomea. Sekunde 30 zinaanza kuhesabiwa pale tu zamu yako imefika, umepewa muda wa kutosha kufika kwenye kisahani chako, na uwanja uko wazi, hauna kinachokusumbua. Hauna kinachokusumbua! Walukuba! Boda inapita na spika inatangaza dawa ya panya. Watoto wamejipanga ukingoni wanashangilia kila mtu anayekosa. Mbuzi wako kwenye njia ya kikapu cha tatu, kalooli, yule korongo mkubwa, amekaa juu ya kikapu cha tano na kikapu kinajionesha kuwa amekaa muda mrefu. Tangu wakoloni wajenge hizi nyumba, Walukuba haijawahi kuwa na sekunde 30 zisizo na kinachosumbua. Maana yake ni kwamba, kisheria, saa ya Afande haijawahi kuanza.

Nikaizima simu.

Nikajaribu njia nyingine. Afande, akishafuta na kuhesabu, ana busu la mwisho: anakibusu kisahani. Nikamweleza habari za Ed Headrick, aliyebuni kikapu cha minyororo na kuanzisha hicho chama mwaka 1976. Alipofariki mwaka 2002, kwa kutaka kwake mwenyewe, majivu yake yalichanganywa na plastiki, vikatengenezwa visahani vya kumbukumbu. "Kwa hiyo, Afande," nikasema, "huko kubusu, angalia usije ukabusu marehemu."

Nilidhani nimemaliza kazi. Afande akakitazama kisahani chake juu na chini. Akafikiri sana. Akatoa kitambaa, akaanza kufuta upya.

Sasa, pale kwenye lango la shule yuko Mama Chapati, anayekaanga rolex, chapati iliyoviringwa na yai ndani. Huyu hana mfuko wa visahani, anaazima changu. Wateja wakipungua anakuja, anafuta mikono kwenye aproni, anarusha, minyororo inalia, anarudi mbio kwa sababu yai linaungua. Hajawahi kuangalia upepo. Nina hakika hajui kama kuna upepo. Nikawageukia wenzangu kwa furaha: mmeona? Mmeona alivyojiandaa? Hakujiandaa!

Wakaenda kando wakakaa kikao. Afande, Hajji, Mwalimu, sauti za chini. Nikajua leo maji yamewafika, wanaaibika, wataanza kurusha wakafike nyumbani mapema.

Wakarudi na jibu: ni mafuta. Yale ya kwenye vidole, eti ndiyo yanakiachia kisahani vizuri.

Afande, mtu ambaye ametumia ujana wa kitambaa chake kukausha plastiki, akachovya vidole kwenye mafuta ya chapati. Akahesabu hatua nne. Mkono ukaenda nyuma, na kisahani nacho kikaenda nyuma, kikampita Hajji sikioni, kikatua juu ya paa la jiko la shule. Mpishi akatoka na mwiko wa posho akiuliza ni nani.

Ungedhani wameacha. Mwalimu akasema kosa ni kipimo: vidole vyote ni vingi mno, kichovywe kimoja tu. Hajji akakubali, ila kichovywe baada ya nyasi. Kwa hiyo sasa ni kitambaa, nyasi, bismillahi, pumzi, hatua, busu, halafu tunatembea wote mpaka langoni kwenye mafuta, tunarudi, na tukirudi upepo umebadilika.

Mama Chapati naye si mjinga. Ameona mafuta yanapungua na chapati haziongezeki, ameweka bei: shilingi 200 kwa kidole. Jana tulisimama pale mpaka taa za barabarani zikawaka, maana Hajji alikuwa anauliza kama kidole gumba kina punguzo.