Tusiwafundishe Wazee Wetu Kushinda na Njaa

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Nairobi, mgeni aliyealikwa kuzungumzia afya aliwaambia wanachama, wengi wao wastaafu, kwamba anayetaka kufikisha miaka mia moja ajizoeshe kula mlo mmoja kwa siku, na kwamba sayansi imekwisha kulithibitisha jambo hilo. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mimi sikupiga, na hasira niliyotoka nayo pale haijaniisha.

Sayansi anayoitaja ipo. Mwaka wa 1935 Clive McCay na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kuwa panya waliopunguziwa chakula, bila kunyimwa virutubishi, waliishi muda mrefu kuliko waliokula kawaida. Ilipofika zamu ya kima, ambao wanakaribiana nasi zaidi, majibu hayakuwa mepesi hivyo. Nchini Marekani makundi mawili ya watafiti yaliwapunguzia kima chakula kwa takriban asilimia 30 kwa miaka mingi. Watafiti wa Wisconsin walitangaza mwaka wa 2009 kwamba vifo vinavyotokana na magonjwa ya uzeeni vimepungua, lakini wa kundi la pili, mwaka wa 2012, hawakuona maisha yakirefuka. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba kima wa Wisconsin waliokula watakavyo walikuwa wakilishwa chakula chenye sukari nyingi, kwa hiyo haishangazi kwamba waliokula kidogo waliwashinda.

Kwa binadamu, jaribio kubwa ni lile lililoitwa CALERIE, ambalo lilidumu miaka miwili tu na haliwezi kutuambia nani ataishi hadi lini. Waliotakiwa kupunguza chakula kwa asilimia 25 walifikia takriban asilimia 12, ingawa walikuwa na wataalamu wa kuwaongoza. Shinikizo la damu na lehemu zao zilishuka, nakubali, lakini mifupa yao pia ilipungua uzito. Tena walikuwa watu wa miaka 21 hadi 50. Sasa tunachukua ushauri uliojaribiwa kwa watu wa rika hilo na kuwapa wastaafu wa miaka sabini, ambao hata hawakuwamo?

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu nina shangazi anayeufuata ushauri huu tangu alipotumiwa video kwenye simu. Hakuwa mnene hata kidogo alipoanza. Leo saa yake ya mkononi ameisukuma hadi karibu na kiwiko ili isimdondoke, na akitaka kuinuka kitini husogea kwanza hadi ukingoni, huweka viganja vyote viwili magotini, kisha hutulia kidogo kabla ya kujaribu. Nikimpakulia githeri, nusu huirudisha sufuriani. Nilipomsihi aongeze alinijibu, "Mwanangu, mimi nataka kuwaona wajukuu wangu wakioa." Sina la kumlaumu kwa shauku hiyo. Ninawalaumu waliomfanya aamini kwamba njia ya kuifikia harusi hiyo ni kuudhoofisha mwili utakaompeleka.

Mtu anapokonda hapotezi mafuta peke yake, bali hupoteza misuli pia, na kwa mzee misuli iliyokwisha kupotea hairudi kwa urahisi. Wastaafu wa chama chetu, ambao wameweka fedha mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya siku ya dhiki, wangelielewa jambo hili upesi kama lingeelezwa kwao: misuli ni akiba, na siku ya homa ya mapafu au ya kuteleza bafuni ndiyo siku ya kuitoa. Hata panya wanalisema hilo. Utafiti wa mwaka wa 2024 uliowafuatilia panya 960 uligundua kwamba, ingawa waliopunguziwa asilimia 40 ya chakula ndio walioishi zaidi kwa wastani, miongoni mwao waliodumu zaidi ni wale walioweza kuhifadhi uzito wao.

Mwenye kitambi na sukari namwachia nafasi yake, tena kwa daktari: jaribio lililotangazwa Uingereza mwaka wa 2017 lilionyesha kuwa karibu nusu ya wagonjwa waliosimamiwa kupunguza uzito walirudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Wanaofunga Ramadhani wanatekeleza ibada, na hilo ni jambo jingine kabisa. Na vijana wanaotembea kutoka Mukuru hadi viwandani Industrial Area na kuruka chakula cha mchana ili kodi ya nyumba itimie, hakuna aliyewahi kuwapigia makofi kwamba wanajirefushia maisha.

Binamu zangu nami tumempeleka shangazi kliniki, na muuguzi akamweleza kwa upole ule ule aliokuwa nao mtu wa video, ila yeye alizungumzia mayai, maharagwe, omena na kutembea kila jioni. Yai la asubuhi amelikubali. Chakula cha jioni bado tunabishana naye.