Mama Kasema Hivi, Mwalimu Kasema Vile

Lawama inayorudiwa sana juu ya madodoso ya ADHD, yaani fomu za kupima hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaza fikra, ni hii: mama anajaza kwamba mtoto hatulii, mwalimu anajaza kwamba hana shida naye. Basi fomu inabahatisha. Tena majibu yenyewe ni "mara chache" au "mara nyingi". Mara nyingi kwa kipimo cha nani?

Swali ni la haki. Ila kabla ya kuitupa fomu, tuitazame hiyo tofauti. Mwaka 1987 mtafiti Achenbach na wenzake walijumlisha tafiti nyingi zilizowauliza watu mbalimbali kuhusu tabia za watoto walewale. Watu wa nafasi moja, kama baba na mama, walipatana kwa uwiano wa 0.60, ambapo 0 ni kutopatana na 1 ni kupatana kabisa. Wa nafasi tofauti, kama mzazi na mwalimu, 0.28 tu.

Wapinzani huishika hiyo 0.28 peke yake. Iweke kando ya 0.60 uone: wanaomwona mtoto mahali pamoja husema mamoja zaidi. Kumbe fomu haipigi ramli. Sehemu ya tofauti inatoka kwa mtoto mwenyewe, ambaye nyumbani ana wa kumsimamia na darasani amepotea kundini. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, vinataka dalili zionekane katika mazingira mawili au zaidi. Daktari ataliona wapi darasa? Ofisini kwake, mbele ya mgeni, hata mtoto mwenye ADHD anaweza kutulia tuli. Na hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo ya kumaliza ubishi.

Upande wa pili una hoja moja nzito. Utafiti wa British Columbia, Kanada, uliochapishwa mwaka 2012 na kuhusisha watoto zaidi ya 900,000, ulikuta wavulana wa Desemba, wadogo kuliko wote darasani, wakipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya wale wa Januari. Wasichana, asilimia 70. Utoto umehesabiwa kuwa maradhi. Baadhi ya madodoso hulinganisha alama na za watoto wa umri huo, lakini jedwali hilo la umri halirekebishi jicho la mwalimu lililokwisha kumpima mtoto kwa wakubwa wake. Sidhani kuiondoa fomu kungelitibu jicho hilo. Mwalimu yuleyule angeyasema hayohayo kwa mdomo, bila maandishi ya kuhojiwa.

Kwa hiyo fomu mbili zikigongana, wastani wake hausaidii kitu. Daktari aangalie mwezi wa kuzaliwa, kisha ampigie mwalimu simu na kumuuliza: ni kipindi gani hasa shida huonekana?