Silabasi imeisha mapema, mtoto yuko wapi?

Mwalimu mkuu akisimama kwenye kikao cha wazazi na kutangaza kwamba shule yake inamaliza silabasi yote ya kidato cha nne mtoto akiwa bado kidato cha tatu, ukumbi unapiga makofi. Mwalimu wa Hisabati wa kidato cha kwanza akisema ni mwezi wa nne na bado yuko kwenye sehemu, zile za nusu na robo, wazazi wanaangaliana. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo kama mzazi, na kabla ya hapo nimeshika chaki miaka kadhaa. Makofi yale nayaelewa. Ila yule mwalimu wa sehemu ndiye ninayeona anahukumiwa bila kusikilizwa.

Wanaotaka maandalizi ya mtihani wa taifa yaanze mapema hawakukurupuka. Hapa Tanzania, matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwapa daraja sifuri, yaani kufeli kabisa, watahiniwa kama 6 kati ya kila 10. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakapangwa upya na kutangazwa tena mwezi Mei. Mwalimu aliyekuwa kazini mwaka ule anaikumbuka fedheha ile mpaka leo. Mwaka huohuo wa 2013 ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa kwa ufaulu wake, na orodha ya kumi bora na kumi za mwisho iliendelea kuwa habari ya kila gazeti hadi Baraza la Mitihani lilipoacha kuitangaza Januari 2023. Katika hali hiyo mkuu wa shule anayekimbiza silabasi anajilinda yeye na walimu wake.

Kalenda nayo iko upande wao. Mtihani huanza Novemba. Toa mock, ule mtihani wa majaribio, toa likizo ya katikati ya mwaka, na mwaka wa nne unabaki miezi michache ya kufundisha kweli. Mwalimu anayeuingia akiwa na mada sita hazijaguswa atazipitia mbiombio, na watakaoumia ni walewale wasio na hela ya twisheni. Na kambi za miezi ya mwisho, wanafunzi wanapolala shuleni kujisomea, zina wema wake ambao sitaki kuupunguza. Binti wa shule ya kata anayetembea mwendo mrefu, akifika nyumbani anakuta ndoo na jiko vinamsubiri, kambini anapata taa ya usiku, meza, na wenzake wa kusoma nao. Sijawahi kuona mzazi wa binti huyo akijutia kambi.

Lakini kambi ya mwisho ni jambo moja, na kuibana miaka minne iwe mitatu ni jambo lingine. Ukiibana, lazima ukate mahali, na kisu siku zote huanzia mwanzoni: kidato cha kwanza na cha pili. Shule tunazoonyeshwa kama mfano kwa kawaida huchagua wanafunzi kwa mtihani wa kujiunga, zina mabweni na mwalimu kwa kila somo. Mtoto aliyeingia pale akiwa tayari anasoma Kiingereza bila kugugumia, pengine miaka mitatu inamtosha. Ratiba hiyohiyo ikipelekwa kwenye darasa la watoto 80 wanaokaa watatu kwenye dawati, kinachofika ni kasi peke yake.

Kuna takwimu moja siwezi kuipita haraka. Kwa miaka mingi, katika Hisabati ya kidato cha nne amekuwa akifaulu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano, na hata miaka ya karibuni iliposogea juu kidogo imefika kwa mmoja kati ya wanne. Kufaulu kwenyewe ni kupata D, na D inaanzia alama 30 kwa mia. Maana yake watoto watatu kati ya wanne, baada ya miaka minne ya sekondari, wanakosa alama 30.

Sasa shika karatasi yenyewe uisome. Kwa muundo wa miaka hii, Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, jumla 60. Humo utakuta namba na makadirio, sehemu na desimali, vipeo, logariti, seti, uwiano, faida na hasara, eneo, pembetatu. Nyingi ya hizo ni mada za kidato cha kwanza na cha pili. Zile nzito za miaka ya juu, kama matrisi na maumbo ya vipimo vitatu, zimekaa zaidi Sehemu B, yenye alama 40. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, mtoto aliyeshika vizuri miaka miwili ya mwanzo anaweza kuvuka 30 bila kugusa matrisi. Hawavuki. Kwa hiyo ni vigumu kusema kilichowaangusha ni kuchelewa kufika kwenye mada za mwisho. Wanaangukia pale tulipopita nao mbio.

Niliwahi kukaa na kijana wa kidato cha nne mwezi wa tisa, shule yao ilikuwa imemaliza silabasi tangu mwaka uliopita na walikuwa wakisolvu pepa za nyuma kila siku. Daftari lake lilikuwa safi, limepigwa mistari kwa wino mwekundu. Swali la kutafuta faida kubwa kabisa kwa kuchora grafu alilifanya kama anaandika jina lake: mistari, kivuli, pembe za eneo, jibu. Nikageuza ukurasa. Logariti ya 2 jumlisha logariti ya 3, akaandika logariti ya 5. Nikamwandikia nusu jumlisha theluthi. Akajumlisha vya juu, akajumlisha vya chini, akanipa mbili ya tano. Nikamuuliza, mbili ya tano na nusu, ipi kubwa? Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia kwa sauti ndogo kwamba nusu ni kubwa, na akawa anaangalia jibu lake bila kulifuta. Nusu ameiongezea kitu na imepungua, na hakuna aliyewahi kumpa dakika kumi za kuliona hilo.

Kijana huyu si mvivu. Alikuwa anaamka saa kumi alfajiri. Alijua hatua za swali analolijua. Swali likigeuzwa kidogo, hatua zilikuwa hazina pa kushika.

Lugha inazidisha tatizo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anatoka kwenye miaka saba ya kufundishwa kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza karibu kila somo linageuka Kiingereza. Kozi ya wiki chache ya kumvusha ipo, na shule yenye haraka huifupisha hiyohiyo kwanza. Matokeo yake unakutana na mtahiniwa anayejua kutafuta eneo la duara lakini haelewi neno la swali linalomtaka atumie jibu la kwanza kupata la pili. Pepa za nyuma hazifundishi lugha. Inafundishwa na mwalimu wa kidato cha kwanza anayerudia sentensi mara tatu, ubaoni na kwa mdomo, na kuwaacha watoto waongee. Huyo ndiye tunayemwona anachelewesha.

Haraka ina athari nyingine isiyozungumzwa sana: mtoto anatakiwa kuchagua mapema. Kwa utaratibu tuliouzoea, mtoto huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia akivuka kwenda kidato cha tatu. Shule inayotaka kuanza kozi ya mtihani mapema inausogeza uchaguzi huo uje mapema zaidi, wakati mwingine kwa maneno laini tu ya ofisini: wewe sayansi haikufai. Ameambiwa hivyo akiwa na miaka 14, kwa mtihani ulioandikwa kwa lugha aliyoijua kwa mwaka mmoja na nusu. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeweka mikondo ya elimu ya jumla na amali, yaani mafunzo ya ufundi na kazi za mikono, tangu kidato cha kwanza, na elimu ya msingi inashuka kuwa ya miaka 6, maana yake mtoto anayeanza darasa la kwanza na miaka 6 atafika kidato cha kwanza na miaka 12. Amali naiunga mkono, fundi aliyesoma tunamhitaji. Ndiyo sababu naomba mwaka huo wa kwanza usigeuzwe kuwa chujio la kupanga nani wa pepa gani.

Kwangu mimi, kozi ya mtihani ianze kidato cha tatu, silabasi iishe katikati ya kidato cha nne, na miezi inayobaki iwe ya pepa, mock na kambi kwa wanaoihitaji. Miaka miwili ya mwanzo iwe ya lugha, namba na mikono ya maabara. Najua kuna mkuu wa shule atakayeniambia ukaguzi na wazazi hawamsubiri hadi huko. Ni kweli, na mzigo huo tumempa sisi wenyewe kwa makofi yetu.

Chombo cha kuanzia tunacho tayari. Matokeo ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili hutoka Januari, shule zinapofunguliwa, na mwanafunzi anaweza kuwa na F ya Hisabati na bado akapanda kidato cha tatu. Kila shule ina majina hayo ubaoni. Wapewe wiki sita za sehemu, vipeo na Kiingereza cha maswali kabla hawajafunguliwa mada ya kwanza ya kidato cha tatu, na mwalimu atakayekaa nao asiulizwe kwa nini yuko nyuma ya azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka.