Kipindi cha PE kinapogeuka cha hesabu

Kijana wangu yuko P6, darasa la sita la msingi, hapa Busia, Uganda. Ratiba ya darasa lao imebandikwa nyuma ya mlango, na Jumatano saa nane mchana imeandikwa PE, yaani mazoezi ya viungo, herufi kubwa kabisa. Juzi nikamuuliza leo PE mlifanya nini, akanijibu bila hata kushangaa, "Baba, tulifanya hesabu za sehemu." Wiki iliyopita pia hivyo hivyo. Mwalimu wa hesabu anaingia na chaki yake, watoto wanafungua madaftari, kipindi kimekwisha kuliwa. Nilipouliza kwenye mkutano wa wazazi, wenzangu wengi wakasimama upande wa mwalimu.

Na siwaoni wamekosa akili. PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, inapima masomo manne tu, Kiingereza, hesabu, sayansi na SST (maarifa ya jamii), PE haimo. Mzazi ametafuta karo kwa jasho, anataka aone agregeti nne, yaani matokeo ya juu kabisa, sasa ukimwambia mtoto anaruka kamba yeye anasikia pesa yake inamwagika. Halafu kuna zile shule za binafsi mjini ziko ndani ya nyumba ya kupanga, uwanja ni pale gari ya headmasta inapopaki. Hoja inayoniuma zaidi ni njaa. Shule nyingi za UPE, zile za serikali za elimu ya msingi kwa wote, mtoto anakaa mpaka jioni hajala mchana, na wewe saa nane kwenye jua lile unamwambia akimbie raundi tano? Mwalimu akikataa hapo simlaumu hata kidogo.

Lakini na sisi tunaoitetea PE tumeitetea vibaya. Kila tukifungua mdomo ni mkimbiaji wetu Cheptegei wa Kapchorwa, dhahabu ya mita 5,000 kule Tokyo, dhahabu ya mita 10,000 Paris 2024, na Chemutai naye, mkimbiaji mwenzake. Mzazi anamwangalia mtoto wake anajua huyu hatafika Olimpiki, basi kwake mjadala umeisha. Hayo ni mashindano, wanachaguliwa 11 wengine wanabaki kupiga makofi. PE ni ya yule anayefika wa mwisho, maana na yeye ana kichwa kinachotakiwa kukaa na masomo kutwa nzima.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walitoa matokeo ya watoto 20 wa miaka kama 9, waliwatembeza dakika 20 tu kwenye mashine, kutembea sio kukimbia, halafu wakawapa majaribio ya umakini na ya kuelewa wanachosoma. Siku waliyotembea walifanya vizuri kuliko siku waliyokaa. Sawa, watoto 20 ni wachache. Ila kuna utafiti wa Trois-Rivières, Kanada, ulianza 1970, watoto 546 wa primary, kundi moja likapewa saa nzima ya PE kila siku, na saa hiyo ilikatwa kutoka masomo mengine, karibu asilimia 13 ya muda wa masomo hayo. Mimi hiyo 13 nimeipigia hesabu mara nyingi. Kwa wiki ya vipindi 40 ni kama vipindi vitano vinaondoka, sisi hapa tunagombania kimoja! Na watoto wale hawakuanguka, darasa la kwanza wenzao waliwatangulia, lakini kuanzia la pili mpaka la sita hawa wa PE ndio wakawa juu. Najua mtu ataniambia Kanada walikula wakashiba na walimu wao wa PE walisomea kazi hiyo, ni kweli, na ndio maana sidai saa nzima kila siku.

Serikali nayo tangu mtaala mpya wa 2020 PE ni lazima S1 na S2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, pamoja na hiki Kiswahili chetu. Sasa mtoto ataifikia vipi hiyo PE ya sekondari kama P6 yote aliitumia kwenye hesabu za sehemu?

Jumamosi nyuma ya nyumba yangu wasichana wanacheza kwepena. Mpira ni wa majani makavu ya mgomba yamefungwa kamba, wawili wanarusha, wa katikati anakwepa huku anahesabu kwa sauti, macho hayatoki kwenye mpira hata sekunde moja. Mmoja wao mama yake analalamika kwamba darasani anasinzia na hajibu kitu. Pale katikati alifika 38 bila kukosea, akaguswa, akaomba aanze tena.

Mchezo ule hauhitaji uwanja wa maana wala mwalimu wa diploma. Kwa hiyo nimemwomba mwalimu wa darasa tujaribu muhula huu mmoja, PE itoke saa nane ije asubuhi, baada ya ule uji ambao wazazi tunachangia, dakika 20 tu pale nyuma ya madarasa ambapo hakuna mawe, halafu ndio hesabu iingie. Amesema ataongea na headmasta wiki hii.