Desemba kupanda Moshi: bado kuna maana au tunafuata mkumbo tu?

Ikifika Novemba magrupu ya WhatsApp ya koo za Kichaga yanaanza kuchemka, mchango wa ng'ombe, nani analeta bia, nani gari lake lina nafasi, na kila mwaka lazima atokee mmoja, mara nyingi kijana aliyezaliwa Sinza au Tabata huku Dar, anauliza hivi kweli ni lazima Krismasi tukale Moshi? Anashambuliwa mpaka ananyamaza. Ila swali lake halijibiwi, na mimi naona linastahili jibu.

Tuanze na upande wake manake hoja za vijana kama yeye si za kijinga. Dar mpaka Moshi ni kama kilometa 550, na kuanzia tarehe 20 hivi ile barabara ya Chalinze, Segera, Korogwe, Same inakuwa gari nyuma ya gari, mtu amelala masaa mawili tu anaovateki kwenye kona, na kila mwaka tunasikia kuna familia haikufika. Nauli nayo, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanatangaza bei elekezi lakini wewe nenda stendi ya Mbezi tarehe 22 huna tiketi uone mpiga debe atakutajia nini. Treni ya abiria iliporudi Desemba 2019 baada ya kusimama zaidi ya miaka 20 ilipunguza presha kidogo, ila siti zenyewe za kugombania. Ukijumlisha mafuta, zawadi, elfu kumi kumi za wazee (na wazee hawaishi, kila kona kuna baba mdogo), unarudi Dar mwezi wa kwanza ada ya watoto imekaa inakusubiri na mfukoni hakuna kitu.

Halafu kuna hili la kuonekana, ambalo wenyewe hatupendi kulisema. Watu wanaazima gari ili wapande nalo mlimani. Mtu anajenga nyumba ya vyumba sita kijijini, anaifungua siku kumi kwa mwaka, siku nyingine zote anakaa kijana wa kulisha ng'ombe na mbwa wawili. Wengine wanakwambia huku mjini wanapanga! Sasa hapo Yesu amezaliwa au tumeenda kwenye maonyesho?

Hoja nzito zaidi kwangu lakini ni ya wanawake, na ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko zote. Sisi wanaume tukifika tunakaa chini ya mparachichi tunachoma nyama tunapiga stori. Wake zetu wanafikia jikoni, tena jiko la moshi, wanamenya ndizi za mtori za watu arobaini, wanaosha masufuria, mawifi wanakagua. Na kama mke ametoka Bukoba au Mbeya, naye si ana mama yake? Miaka kumi ya ndoa Desemba zote ni za kwa mume, kwao anaenda kukiwa na msiba. Mke akisema mwaka huu hapana, usikimbilie kusema hapendi ukoo, muulize mara ya mwisho alikula Krismasi na wazazi wake lini.

Haya, upande wa pili.

Wanaosema tusiache kwenda wengi wanajitetea vibaya, wanasema "ni mila yetu" basi wamemaliza. Lakini ukiangalia vizuri hii safari haikuanza kama mila ya zamani sana. Miaka ya 1890 wamisionari Wakatoliki walifungua misheni Kilema, Walutheri Machame, sikukuu ikaingia kwenye maisha ya watu. Kahawa ikaleta hela, hela ikaleta shule, watu wakaongezeka na vihamba, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, vikawa vidogo, boma la baba likawa la kitinda mimba, hao wengine wakateremka kutafuta kazi na biashara. Aliyeteremka alikuwa anarudi wakati ana likizo na watoto wamefunga shule, na wakati huo ni Desemba. Kwahiyo kilichomrudisha ni kihamba, Krismasi imetoa tarehe. Makaburi ya babu na bibi yapo pale pale kwenye migomba, mpaka wa shamba unaujua kwa masale yaliyopandwa na babu, hivyo vitu huwezi kuvihamishia Tabata. Utani wa kwamba Wachaga wanaenda kuhesabiwa una ukweli ndani yake, usipoonekana miaka mitano mfululizo watu wanaanza kulizungumzia shamba kama vile haupo.

Sasa wanaolalamika kwamba Krismasi ya kijijini imepoteza ladha, nao wana lao, ila nafikiri wanamlaumu asiyehusika. Aliyekulia miaka ya themanini mwanzoni, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, duka la kaya, anajua pilau ilikuwa kitu cha sikukuu. Nguo mpya unapata moja, ya Krismasi, unaivaa mpaka inakubana. Leo mtoto anakula pilau Jumapili yoyote na nguo mama ananunua mtandaoni mwezi wa nane. Hata bibi apike vipi mtoto hawezi kuisubiri Desemba tulivyoisubiri sisi, na hiyo siyo tabia mbaya ya mtoto, ni kwamba shida imepungua.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, nayo ni hivyo hivyo. Inataka mtu wa kukaa nayo, ndizi ziive, zichemshwe, zikae siku kadhaa, zichujwe, uchanganye na uji wa kimea cha ulezi na uchungu wa gome la mti wa msesewe. Nani ana hizo siku kama umefika tarehe 23 usiku? Ndiyo maana kreti za bia zimechukua nafasi, na mbege unainunua kilabuni kwenye dumu. Inauma kidogo lakini sioni kama ukoo umekufa kwa hilo.

Kinachoua ukoo ni kuruka kikao cha ukoo cha tarehe 26. Pale mzee anatoa daftari, anasoma nani alichangia matibabu ya bibi na nani alisema "nitatuma", shamba la marehemu nani analitunza, mabinti wanapata nini. Hili la mabinti lilikuwa halitajwi kabisa, ila Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, na siku hizi shangazi anasimama anauliza mbele ya wote. Mambo kama hayo kwenye grupu yanaishia kwenye vidole gumba na mtu kuleft. Uso kwa uso mtu anaona aibu, analipa.

Kwahiyo mimi nipo upande wa kupanda, kwa masharti. Ng'ombe siyo lazima, mbuzi wawili wanatosha. Wanaume tumenye ndizi. Anayeogopa barabara apande mapema au asubiri msongamano upungue, cha msingi awepo kwenye kikao. Na zamu za Desemba zigawanywe, mwaka huu kwa mume ujao kwa mke, anayekosa kikao atume mtu wa kumsemea pamoja na mchango wake.

Najua wazee watasema zamu ni mambo ya kizungu. Ila wazee hao hao mabinti zao wameolewa Mwanza, Iringa na Songea, na kila Desemba wanalalamika mbona binti haji kuwaona.