Albamu ya Kahawia ya The Band: Kilichochakaa na Kinachodunda Bado

Garth Hudson alipofariki Januari 2025, wote watano wa The Band, bendi ya roki ya Wakanada na Mmarekani mmoja, wakawa wametangulia: Richard Manuel mwaka 1986, Rick Danko 1999, Levon Helm 2012, Robbie Robertson 2023. Tangu hapo albamu yao ya pili imerudi mezani. Ilitoka Septemba 1969, ikabeba jina la bendi lenyewe, na kwa rangi ya jalada lake wapenzi wameizoea kuiita albamu ya kahawia. Wanaoitetea wanasema ndiyo iliyoifundisha roki kurudi kwenye gospeli, kantri na muziki wa mashambani. Wanaoishuku wana hoja mbili: kwamba ukale wake ni wa kuigiza, Wakanada wanne na mtu mmoja wa Arkansas wakijivika nguo za babu zao, na kwamba wimbo wake unaojulikana kuliko zote unaomboleza upande uliopigania utumwa.

Hoja hizo si za kupuuza. Ila zote zinaikagua albamu kwa mashairi yake, ilhali nguvu yake kubwa iko kwenye upangaji wa vyombo.

Tuanze na chumba. Sehemu kubwa ilirekodiwa mapema 1969 kwenye kibanda cha kando ya bwawa la kuogelea, katika nyumba ya vilima vya Hollywood iliyowahi kuwa ya Sammy Davis Jr. Kibanda kilizibwa ili sauti isivuje, mitambo ikaingizwa humo humo, na wapigaji wakakaa karibu karibu. Ndiyo maana hakuna mwangwi mkubwa. Sauti ni kavu, kama watu wanapiga sebuleni na wewe umekaa kwenye kiti cha nne. Helm naye alikuwa amenunua kwenye duka la rehani seti kuukuu ya dramu zenye pete za mbao. Mbao hailii kwa ukali wa chuma, na ngozi ikilegezwa kidogo, pigo linatoa "du" fupi mahali pa "ta" kali. Huo mdundo mzito unaosikika kama mtu anakanyaga sakafu ya mbao umetokana na hapo.

Sikiliza "Rag Mama Rag" kwa makini. Humo hamna gita la besi hata kidogo. Danko, ambaye ndiye mpiga besi, ameshika fidla. Helm ameacha dramu akachukua mandolini. Manuel, mpiga piano, ndiye aliye kwenye dramu. Hudson ametoka kwenye ogani anapiga piano ya ragtime, mtindo wa zamani wa Kimarekani. Na besi inapulizwa kwa tuba, tarumbeta kubwa ya sauti nzito, na prodyuza wao, John Simon. Kuhamishana huko kulikuwa na faida ya kiufundi. Tuba inahitaji pumzi, kwa hiyo noti zinakuwa fupi na kati yake pana upenyo. Manuel naye hapigi kwa unadhifu wa mpiga dramu wa kazi, anajikokota nyuma ya mdundo kidogo, na wimbo unayumba bila kuanguka. Mweke fundi wa besi na dramu aliyesomea, wimbo unyooke, na raha yote iishe.

Hapa wasikilizaji wa leo hupotea. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini inavyotakiwa, kwa hiyo tuba ile inayeyuka na unabaki na fidla na piano zinazokwaruza. Mtu husikia hivyo, akasema muziki umezeeka. Tumia hedifoni au spika zenye besi halisi kabla hujatoa hukumu.

Suala la toleo nalo si dogo. Kwenye huduma za mtandaoni utakuta walau matoleo mawili: miksi ya asili (yaani namna sauti zilivyounganishwa) iliyosafishwa mwaka 2000, na miksi mpya ya 2019 iliyofanywa na fundi sauti Bob Clearmountain kwa kutimiza miaka 50. Miksi mpya imetenganisha vyombo na kuipa kila sauti nafasi yake. Maneno yanasikika vizuri zaidi. Lakini uwazi huo una gharama. Katika miksi ya asili sauti za Manuel, Danko na Helm zinagongana, mmoja anawahi na mwingine anachelewa, na kule kubanana ndiko kulikoifanya bendi isikike kama ukoo mmoja. Ukilinganisha, zima kwanza kisawazisha sauti cha programu, kisha wewe mwenyewe weka matoleo yote kwenye kimo kimoja. Tofauti ya desibeli moja au mbili inatosha kumfanya msikilizaji apende lenye kelele zaidi bila kujua kwa nini. Kwa wanaonunua santuri, kopi za mwanzo za Marekani zenye herufi RL zilizokwaruzwa karibu na lebo ni kazi ya Robert Ludwig, fundi aliyeiandaa sauti kwa santuri, na besi yake ndiyo inayozifanya zisakwe. Tukichagua, tutabaki na miksi ya asili.

Sasa hoja ya kuigiza. Ni kweli Robertson, mpiga gita na mtunzi wao mkuu, mzaliwa wa Toronto, alikuwa akiitazama Marekani ya Kusini kwa jicho la mgeni. Lakini sikiliza "Up on Cripple Creek". Ule mlio unaokoroma kama chura ni klavineti ya Hohner, kinanda cha umeme, ambayo Hudson ameipitisha kwenye wah-wah, pedali ya mguu inayopinda mlio. Mashairi yanazungumza habari za dereva wa lori na mpenzi wake; chombo ni cha kisasa kabisa kwa mwaka ule. Mtu anayeigiza ukale hafanyi hivyo. Katika "King Harvest (Has Surely Come)" wameigeuza kanuni nzima ya wimbo: beti ndizo zinazogonga kwa nguvu, kiitikio kinashuka hadi karibu na kunong'ona. Mwishoni gita la Robertson linaingia kwa noti chache zilizobanwa, kana kwamba waya utakatika, wakati ambapo magita ya roki yalikuwa yakitapika noti dakika kumi mfululizo.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi. "The Night They Drove Old Dixie Down" inasimuliwa na Virgil Caine, mkulima maskini wa Kusini aliyehudumia reli ya Danville, Virginia, mpaka wapanda farasi wa Jenerali Stoneman wa jeshi la Kaskazini walipoing'oa mwaka 1865, mwishoni mwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Watetezi wanasema huyu ni maskini aliyefiwa na ndugu, hamiliki mtumwa, na haki yake ya kulia ni ya binadamu yeyote. Upangaji unawaunga mkono: Helm anaimba kwa sauti iliyochoka, dramu zinaburuzika kama watu wanaotoka makaburini, hakuna shangwe ya ushindi.

Lakini kuna asiyekuwepo. Virginia ilikuwa na karibu watumwa nusu milioni mwaka 1860, na kwao kuanguka kwa Richmond, mji mkuu wa Kusini, kulikuwa mwanzo wa uhuru. Wimbo hauwataji hata kwa mstari mmoja. Mwandishi Mmarekani mweusi Ta-Nehisi Coates alieleza mwaka 2009 kwa nini hawezi kuusikiliza kama wengine, na hoja yake haijibiwi kwa kusema Virgil ni mhusika tu. Helm mwenyewe ameandika kwamba alimpeleka Robertson maktaba na kumsisitiza Jenerali Lee, kamanda wa jeshi la Kusini, atajwe kwa heshima. Basi huruma ile haikuwa ya bahati mbaya. Tunauona ni wimbo mkubwa wenye shimo katikati, na anayeuruka hajakosea. "Jemima Surrender" hauna hata utetezi huo: mwanamume anamsumbua mwanamke, na jina lenyewe limebeba sura ya kijakazi mweusi wa matangazo ya Kimarekani.

Linabaki suala la nani alitunga, ambalo yeyote anayeujua muziki wa dansi wa kwetu atalielewa upesi: mmoja analeta maneno, bendi nzima inakaa mazoezini kuyageuza wimbo, halafu jina linaloandikwa ni moja. Kati ya nyimbo 12, Robertson ameandikwa peke yake kwenye 8, pamoja na Manuel kwenye 3, pamoja na Helm kwenye 1. Helm alilalamika waziwazi katika kitabu chake cha mwaka 1993. Upande wa Robertson unasema yeye ndiye aliyekaa na kuandika, wengine walikuwa na nafasi hiyo hiyo hawakuitumia, na sheria ya hakimiliki inahesabu maneno na melodi, si mapigo. Kisheria yuko sawa. Ila ondoa tuba, fidla na yale mapigo ya kujikokota, "Rag Mama Rag" inabaki mistari michache ya kumbembeleza mwanamke. Iondoe klavineti na "Up on Cripple Creek" haitambuliki. Jina la Hudson halimo kwenye wimbo hata mmoja kati ya hizo 12. Wala la Danko.